Pasipoti ya mama

Pasipoti ya mama iliisha muda tukiwa hapa Nakivale, Uganda. Jirani akamwambia aende ubalozi wa Kongo akatafute mpya. Nikasema, "Mama, ngoja kwanza." Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ukiomba mwenyewe pasipoti ya nchi uliyoikimbia, unaweza kuhesabiwa umerudi chini ya ulinzi wake, ukapoteza hadhi ya ukimbizi. Kifungu cha 28 kina njia nyingine: hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa na nchi iliyokupokea.

Mama akauliza, "Basi mimi si Mkongomani tena?"

Hapana, mama. Hati ni ya kukuwezesha kusafiri, haisemi kitovu chako kilizikwa wapi.

Vijana wenzangu, kabla ya kumpeleka mzazi ubalozini, muulizeni kwanza mwanasheria wa wakimbizi.