Sikukuu za Desemba na Miche ya Kwetu

Kila mwaka mwezi wa Desemba unapofika, mambo matatu huja pamoja hapa Nyangamara. Kwanza, mvua huanza. Pili, fedha za korosho huingia. Tatu, ndugu zetu hurudi nyumbani kutoka Lindi mjini, Mtwara na Dar es Salaam. Wanakuja kula sikukuu. Tarehe 9 ni Siku ya Uhuru. Tarehe 25 ni Krismasi. Kisha huja Mwaka Mpya. Sikukuu za Idi na Maulidi hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo huzunguka mwaka mzima. Miaka mingine nazo huangukia humo humo.

Mimi ni bwana shamba. Umri wangu umepita miaka 40, na cheti changu cha kilimo nilikipata zamani. Wengi wenu mmezoea kuniona na baiskeli yangu nikija kuangalia mikorosho. Leo sitasema juu ya ubwiriunga wala dawa yake. Leo tuzungumze juu ya sikukuu na mimea. Utauliza, sikukuu na mimea vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Soma mpaka mwisho utaona.

BUSTANI YA DAR ES SALAAM

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Desemba, nilikwenda Dar es Salaam kumtembelea kaka yangu. Nilikuwa na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano. Tulikwenda kuona Makumbusho ya Taifa. Karibu na hapo ipo Bustani ya Mimea, nasi tukaingia.

Bustani hiyo si kubwa. Majengo ya jiji yameibana. Lakini ndani yake ina miti ya aina nyingi, mingine mirefu kama minazi, mingine yenye kivuli kipana. Siku ile watu walikuwa wengi, wamevaa nguo za sikukuu. Maharusi walikuwapo na wasindikizaji wao. Kila mtu alitaka kupiga picha chini ya mkrismasi, maana ulikuwa umechanua wote, mwekundu kama moto.

Watu walipiga picha wakaenda zao. Binti yangu alibaki akiutazama mti. Akaniuliza, "Baba, mti huu ni wa kwetu?"

Nikamjibu, "Hapana mwanangu. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska."

Akauliza tena, "Sasa wa kwetu uko wapi?"

Ndugu msomaji, swali hilo la mtoto ndilo linalonifanya niandike leo.

BUSTANI NI SHULE

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mkuu wa kilimo alikuwa Franz Stuhlmann. Haikuanzishwa kwa ajili ya picha. Ilikuwa shamba la majaribio. Wajerumani walitaka kujua ni mazao gani ya biashara yatakubali ardhi ya hapa, ili wapate faida. Mwaka 1902 walianzisha kituo kingine kikubwa zaidi huko Amani, katika milima ya Usambara.

Chukua mfano wa mkonge. Asili ya mkonge ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta hapa kutoka Florida, Marekani. Vilisafirishwa vichipukizi 1,000. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Vichipukizi 62 unaweza kuvibeba kwenye vikapu. Lakini vilizaa mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii, mpaka ya huku kwetu Kikwetu. Basi usidharau mche mdogo.

Tena tazama shamba lako. Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno. Muhogo nao asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwembe ulitoka Bara Hindi. Yote hiyo leo ni mali yetu. Kwa hiyo sisemi kwamba mti wa kigeni ni mbaya. Ninasema kwamba wale walioleta miti hiyo waliuliza maswali. Waliuliza jina lake, asili yake, kazi yake na majira yake. Sisi tunapita chini ya miti yetu kila siku bila kuuliza.

KILA MMEA NA MAJIRA YAKE

Tuseme kidogo juu ya majira. Mkrismasi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mvua inapokaribia, huchanua. Hapa kwetu jambo hilo hutokea karibu na Desemba, ndiyo maana watu wakaupa jina la Krismasi. Mti wenyewe haujui Krismasi. Mti unajua kiangazi na mvua.

Huko Ulaya, Desemba ni mwezi wa baridi kali. Miti mingi haina hata jani moja. Mjini London ipo bustani ya mimea maarufu sana iitwayo Kew. Tangu mwaka 2013 kila msimu wa Krismasi hutundika maelfu ya taa kwenye miti yake, na watu hulipa kiingilio kutembea humo usiku. Maua hayapo, kwa hiyo wanaweka taa.

Wenzetu hao wanalo pia ua wanalolipenda kwa Krismasi. Asili yake ni Meksiko. Ni kichaka chenye utomvu mweupe, na majani yake ya juu hugeuka kuwa mekundu. Ukitembea mjini, utakiona katika bustani za nyumba. Mmea huu hugeuka rangi wakati usiku unapokuwa mrefu. Huko kaskazini usiku mrefu ni wa Desemba. Kwetu sisi tulio kusini mwa ikweta, usiku mrefu ni wa Juni na Julai. Kwa hiyo ua hilo la Krismasi likiletwa Lindi huwa jekundu katikati ya mwaka. Desemba utalikuta la kijani tu! Mmea haudanganywi na kalenda ya ukutani.

Sasa tazama mbuyu. Mbuyu ni wa kwetu, wa bara hili la Afrika. Mwanzo wa mvua hutoa maua makubwa meupe yanayoning'inia. Ua hufunguka jioni. Usiku popo huja kunywa utamu wake na kulichavusha. Kesho yake ua limenyauka na kuanguka. Hilo ndilo ua letu la sikukuu, ndugu msomaji. Lipo juu ya vichwa vyetu, na wengi hatujawahi kulitazama.

TUJIFUNZE KWA NGONGO

Mkoa wetu una sherehe moja ya mimea ambayo wakulima wengi wanaijua. Ni Nanenane, kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi mjini. Agosti ni kiangazi, lakini vipando vya Ngongo huwa vya kijani kwa sababu vimemwagiliwa. Nimekwenda huko na wakulima mara nyingi. Ninachokipenda ni kwamba pale mkulima haoni haya kuuliza. Anauliza, mbegu hii inaitwaje? Inapandwa kwa nafasi gani? Inakomaa kwa siku ngapi? Akirudi nyumbani ana jambo la kujaribu.

Maswali hayo hayo ndiyo tuyapeleke kwenye miti ya msituni kwetu.

MZEE NA MAJINA YA MITI

Niliporudi kutoka Dar es Salaam, niliona swali la binti yangu lina mwenyewe wa kulijibu. Kijijini palikuwa na mzee mmoja, fundi wa vinu na mipini. Nilimwomba atutembeze msituni wakati wa likizo. Tulikwenda watoto sita, kijana mmoja aliyekuja kula sikukuu, na mimi.

Mzee alitembea polepole na fimbo yake. Kila baada ya hatua chache alisimama. "Huu ni mpingo," alisema. "Msiutazame wembamba wake. Huu una umri kunizidi mimi." Ni kweli. Mpingo hukua polepole sana. Mti wa kuvuna huweza kuchukua miaka 70 au zaidi. Wachongaji wa Kimakonde huufanyia kazi, na huko Ulaya hutengeneza zumari za thamani kutokana na mti huu.

Akatuonyesha mkongo. Akapasua ganda lake la mwaka uliopita, zikatoka mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Watoto waligombea kuziokota. Akatuonyesha mninga, utomvu wake mwekundu kama damu. Kisha akaanza kutaja miti kwa Kimwera, mmoja mmoja, na kazi zake. Mingine sikupata kusikia ikitajwa kwa Kiswahili. Kijana yule aliandika kurasa tatu za daftari.

Jua lilipokuwa kali, mzee alichoka. Alisema iko miti miwili mbali kidogo, upande wa bondeni. Zamani watu waliitumia wakati wa njaa. "Tutakwenda siku nyingine," alisema. Kiangazi kilichofuata aliugua, akafariki. Mungu amrehemu. Miti ile miwili bila shaka ipo huko huko bondeni. Lakini nimeuliza wengi, na hakuna anayejua ni ipi.

Ndugu msomaji, jambo hili ni zito. Mti ukikatwa, huenda mwingine ukaota. Jina na matumizi yake yakizikwa na mzee, hayaoti tena. Misitu ya mkoa wetu ina mali ambayo haipo kwingine. Huko Rondo yupo komba mdogo sana ambaye duniani kote anaishi katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Watu wa mbali wanamsoma katika vitabu. Sisi tunaishi naye jirani.

KWA NINI TUPANDE WAKATI WA SIKUKUU

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Ni siku njema, nasi tuiadhimishe. Lakini hapa Lindi mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na huelekea mwisho mwezi wa Aprili au Mei. Mche uliopandwa Aprili hupata mvua ya majuma machache, kisha kiangazi kinaukuta ungali mchanga. Mche uliopandwa wakati wa sikukuu za Desemba una miezi minne au zaidi ya kushika mizizi.

Tena wakati huo watu wapo. Vijana wapo na nguvu zao. Wazee wapo na majina yao. Watoto wako likizo. Fedha kidogo ipo. Nunua nguo za watoto, pika pilau, karibisha wageni. Lakini kwanza tenga fedha ya mbegu za mahindi na ufuta. Kisha tenga siku moja ya mche.

Fanya hivi:

Kiangazi, okota mbegu za miti ya kwetu. Mpingo, mkongo, mninga, mkwaju na mbuyu yote inafaa. Otesha katika viriba, chini ya kivuli chepesi.

Chimba mashimo mapema. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande wa pili. Wakati wa kufukia, tanguliza ule wa juu.

Usipande kwa mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza hudanganya. Chimba kidogo kwa mkono. Ukiona udongo umelowa mpaka chini, panda.

Toa kiriba kabla ya kupanda. Mche ukipandwa na kiriba chake, mizizi hufungwa.

Weka majani makavu kuuzunguka mche, lakini yasiguse shina. Yatatunza unyevu, maana Januari au Februari mvua huweza kukatika kwa siku nyingi.

Zungushia miiba, mbuzi hawana sikukuu. Na kiangazi kikija, palilia pande zote ili moto usifike. Moto wa kila mwaka huurudisha mpingo chini kila unapotaka kusimama.

Mwisho, weka kibao. Andika mambo matatu tu: jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kimwera, kazi yake, na mwezi wa kuchanua kwake. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika hivi karibuni, kazi hii ni yako. Keti na mzee, yeye ataje, wewe uandike.

Mahali pazuri ni uwanja wa shule. Kila nyumba ikileta mche mmoja, baada ya miaka michache kijiji kitakuwa na bustani yake ya mimea. Haitahitaji taa wala kiingilio. Mtoto akiuliza mti wa kwetu uko wapi, mwalimu atamshika mkono na kumpeleka.

Desemba hii, wageni wenu wakifika, wapokeeni mizigo, wapeni chakula, kisha wapeni na jembe. Mkiwa na mbegu lakini hamjui namna ya kuziotesha, nisimamisheni njiani mkiniona na baiskeli. Nitashuka.

Nawatakia sikukuu njema na mvua njema.