ANAUZA 'LADHA YA NYUMBANI' MASAKI, KWAO TEMEKE HAJUI HATA KUKAMUA TUI

Jina lake kapuni, na la mgahawa nalo kapuni. Ni mdada wa miaka 28, afisa masoko wa mgahawa mmoja pande za Masaki, na kama wewe ni mtu wa Instagram inawezekana umeshaimezea mate kazi yake bila kujua. Wali wa nazi umepangwa vizuri, samaki wa kupaka pembeni, kipande cha ndimu, moshi unapanda taratibu. Chini ya picha kuna maneno yake: "Nazi ya kukuna kwa mkono. Ladha ya nyumbani kwa mama." Sahani elfu 28.

Ule moshi, wadau, ni pamba. Inaloweshwa maji, inatiwa kwenye maikrowevu mpaka ifuke, halafu inafichwa nyuma ya sahani. Mboga zinatolewa motoni kabla hazijaiva ili rangi isipotee, samaki anapakwa mafuta kwa brashi ang'ae. Mpaka picha ipatikane chakula kimeshapoa na hakuna anayekitamani tena. Yeye mwenyewe mchana alikuwa anapiga ugali maharage wa wafanyakazi kule nyuma, na usiku akishuka Mwananyamala ananunua chipsi kavu, anakula kitandani huku anawajibu wateja wanaouliza kama mzigo unafika mpaka Mbezi. Jiko lake la gesi lilikaa miezi saba bila kupika kitu zaidi ya chai.

Sasa kinachouma ni hiki: huyu ni mtoto wa mama ntilie. Siku hizi wanaitwa mama lishe, jina la heshima kidogo, lakini lile la zamani lilitoka kwa wateja wenyewe waliokuwa wanasimama na sahani wakisema "mama, nitilie". Mama yake aliwatilia watu karibu na soko la Tandika zaidi ya miaka 20. Wali, maharage, kisamvu cha nazi, vibua vya kukaanga. Ada yote ya sekondari ilitoka kwenye lile sufuria.

Na mtoto hakuruhusiwa kulisogelea. Akishika mwiko anafukuzwa: "Wewe shika daftari, jiko niachie mimi." Shuleni wenzake walikuwa wanamcheka ananuka moshi, kwa hiyo hakubisha. Alipopata kazi Masaki hakumwambia mtu yeyote mama yake anauza nini. Ila maneno yote matamu anayoandika kwenye posti, ukoko, tui zito, chakula cha kulamba vidole, ameyaokota palepale Tandika. Bosi anamsifia kwamba ana kipaji.

Mwaka jana mama akapigwa kiharusi. Mkono wa kulia ukagoma, genge likafungwa, na mdada akarudisha chumba cha Mwananyamala akahamia Temeke. Hospitali wakasema chumvi na mafuta vipungue. Shida ikawa mama hali. Mama mdogo akileta mchuzi, anaonja kijiko kimoja anasukuma bakuli. Majirani wakileta uji, anashukuru, unapoa. Nguo zikaanza kumpwaya.

Siku moja mdada akapata akili, akambebea wali wa nazi wa kazini, uleule wa kwenye picha. Akachukua boda ili ufike wa moto.

"Shikamoo mama. Leo nimekuletea kitu."

"Marahaba mwanangu." Mama akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akaonja, akakiweka chini. "Hii nazi ya boksi."

"Hapana mama, wanakuna."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameandika tu kwa sababu inapendeza. Kesho yake akaingia jikoni kazini bila kamera, akayakuta maboksi ya tui yamepangwa chini ya meza. Tuwe wakweli, si dhambi hiyo. Mgahawa ukiwa na nyomi nani atakuna nazi zote hizo, na wateja wengi hata hawaoni tofauti. Tatizo lilikuwa ile sentensi, na sentensi ni ya kwake.

Jumapili akanunua nazi mbili na kisamvu kilichotwangwa. Mama akawekewa mkeka mlangoni, yeye akakaa kwenye mbuzi. Kukuna nazi kwenye video kunaonekana mchezo. Dakika kumi tu vidole vinawaka, na kila akikandamiza sana anafika kwenye kifuu, machicha yanatoka meusi. "Zungusha, usigombane nayo," mama anasema. Kisamvu kilishawekwa jikoni, kimechemka sufuria ikiwa wazi, maana yale majani yana sumu na lazima yapikwe yaive kwelikweli. Kwanza linaingia tui jepesi. Tui zito ni la mwisho, moto mdogo, na mkono hausimami.

Mkono ukasimama. Akachukua simu arekodi, mazoea ya kazi, na kurudi kwenye sufuria tui limekatika, mafuta huku, maji kule.

"Weka hiyo simu," mama akasema. Akala hivyohivyo. Nusu bakuli, ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Kuhusu chumvi ndiyo balaa. Ukimuuliza kiasi gani anajibu "kiasi chake", na kiasi chake cha zamani ndicho hospitali walichokikataza. Kwa hiyo sasa wanahangaika wote wawili, ndimu kidogo, embe bichi kidogo, wanaonja wanabishana. Wanabishana na jiko pia. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mdada yuko upande wa mtungi. Mama anasema tui linataka mkaa. Kwa sasa gesi imeshinda, kwa sababu ya kifua cha mama mwenyewe.

Kazini, ile sentensi ya kukuna kwa mkono ameifuta. Kwenye posti mpya kaandika "Wali wa nazi, samaki wa kupaka", basi. Waliobonyeza kupenda wakapungua, bosi akamuita.

"Mbona umeitoa?"

"Hatukuni, bosi."

"Mteja anajua?"

"Mama yangu alijua kwa kijiko kimoja."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama yake pale ofisini, na mama wa Tandika, si wa kwenye tangazo. Bosi kampa mpaka mwisho wa mwezi airudishe au alete maneno mengine yanayouza. Hela ya kliniki na mazoezi ya mkono inatoka kwenye mshahara huohuo, kwa hiyo usidhani analala vizuri. Sentensi bado hajairudisha.

Jumapili iliyopita mama aliomba bakuli la machicha, akajaribu kukamua kwa mkono wa kushoto. Likatoka tui kama kikombe cha kahawa. Mtoto akalimimina mwisho, akakoroga, simu iko chumbani. Likakatika tena kidogo pembeni. Mama akamaliza bakuli, akauliza kama kwenye sufuria ya wali kuna ukoko.