Sauti Iliyotangulia Sura

Ukikulia pande za Molo au Kericho, kantri si muziki wa Wamarekani. Ni muziki wa Jumapili mchana, wa baa ya kando ya barabara penye nyama choma, wa redio ya dereva wa lori. Maneno yake hata ukiyakosa nusu, habari unaipata: mtu kaachwa, shamba limekwenda, mama kafariki, safari bado ni ndefu. Wenzangu wa Nairobi hunicheka. Eti muziki wa wazungu unanihusu nini? Huwa nawajibu kwa jina moja tu, Charley Pride, halafu nangoja.

Tusisahau pia kwamba huku kwetu mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, baada ya kupita kwenye masikio ya Kikipsigis. Santuri zake zilifika vijijini, watu wakaisikia sauti bila kumwona mwenye sauti, wakamtungia umbo lao wenyewe: nusu mtu, nusu swala. Nitalirudia jambo hili la sauti bila sura, maana kwa Pride ndilo lililokuwa kazi yote.

Alizaliwa Sledge, Mississippi, tarehe 18 Machi 1934, katika familia ya watoto kumi na mmoja. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la mwenyewe na kugawana naye mavuno, mkataba ambao kila mwaka ulimwacha mkulima pale pale alipokuwa. Jioni redio ya nyumbani ilifunguliwa ili kusikiliza Grand Ole Opry kutoka Nashville. Kijana mweusi wa Mississippi akajifunza kuimba kama Hank Williams kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kikitoka redioni, basi. Gitaa lake la kwanza alilipata akiwa na miaka 14.

Lakini ndoto yake haikuwa muziki, ilikuwa besiboli. Alikuwa mrushaji mpira katika ligi za weusi, akichezea Memphis Red Sox na timu nyingine, na alipenda kusimulia jinsi yeye na mwenzake walivyowahi kubadilishwa kwa basi kuukuu la timu. Mwaka 1960 akaenda Montana, kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini huko East Helena. Kiwanda kilikuwa na timu. Meneja akagundua kwamba huyu jamaa anaimba, akamlipa dola 10 kucheza na dola 10 nyingine kuimba robo saa kabla ya mechi. Ukweli ni kwamba kuimba kulilipa sawa na kucheza, na hakuumizi bega.

Sasa tufike pale penyewe. Mwaka 1965 prodyuza Jack Clement alimrekodi, na Chet Atkins wa RCA akaipeleka kanda kwa wakubwa wa kampuni. Waliisikiliza kwanza. Wakaipenda. Ndipo wakaambiwa mwimbaji ni mweusi. Santuri ya kwanza ilitoka Januari 1966 kwa jina la "Country Charley Pride", kana kwamba bila hilo neno la kwanza mtu angekosea njia, na vituo vya redio havikupelekewa picha yake. Watangazaji wa Kusini wakaicheza wee, bila kujua.

Muda si mrefu akapandishwa jukwaani Detroit mbele ya watu wapatao 10,000. Jina likatajwa, makofi yakalipuka, yeye akatokea, na makofi yakafifia hadi ukumbi ukanyamaza. Pride akawatania kuhusu rangi yake, akasema kitu kama kwamba jua lake limemkolea na halitoki. Watu wakacheka. Akaimba. Wakamshangilia tena.

Nimekifikiria kimya kile mara nyingi. Nimefanya kazi ya habari miaka kumi na mbili na najua kidogo kuhusu kuingia chumba ambacho watu walikusoma kabla ya kukuona. Utani wake unanifurahisha na pia unaniuma. Ulikuwa ufunguo, ndiyo, lakini ni mtu mwenye njaa ya kuingia ndiye hulazimika kutembea na ufunguo. Wengine pale hawakuhitaji hata kugonga.

Mzee wangu, aliyeendesha lori la majani chai kwa miaka mingi, hakuyaona hivyo. Yeye na rafiki yake, mwalimu mstaafu, walibishana kwa wiki nzima kama Pride ni mzungu au la. Mwalimu aliapa: sauti ile, Kiingereza kile, haiwezekani. Mzee hakuapa. Siku moja akaleta jalada la santuri alilonunua Nakuru, akaliweka mezani bila neno, akaendelea na chai yake. Mwalimu akalitazama sana. Kisha akauliza, "Sasa mbona haimbi kama mtu mweusi?" Mzee akamjibu, "Wewe mwalimu, unaongea Kiingereza cha nani?"

Sijapata mhakiki aliyeyasema vizuri zaidi ya hapo.

Mafanikio yake ni ya kutisha na nitayapitia haraka, maana orodha huchosha. Nyimbo 29 zilifika namba moja kwenye chati za kantri za Billboard, ya kwanza mwaka 1969. "Kiss an Angel Good Mornin'" ya 1971 ilivuka hadi chati za pop. Mwaka huo huo chama cha kantri, CMA, kikampa tuzo kuu ya mburudishaji bora. Ndani ya RCA, ni Elvis tu aliyeuza kumpita. Grand Ole Opry aliimba mara ya kwanza Januari 1967. Uanachama alipewa 1993, mtu mweusi wa kwanza tangu DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo aliyetimuliwa 1941. Jumba la Heshima la Kantri likamwingiza mwaka 2000.

Lakini kinachonikaa moyoni zaidi ni Belfast. Novemba 1976 mji ule ulikuwa na mabomu, na wanamuziki wa nje waliukwepa. Pride alikwenda. Aliimba Ritz Cinema, Wakatoliki na Waprotestanti wakikaa ukumbi mmoja, na "Crystal Chandeliers", wimbo ambao kwao Marekani si mkubwa hivyo, ukawa wao. Huko hakuna aliyemwuliza kwa nini anaimba muziki wa wengine.

Lipo lawama linalomfuata, na sitalipita. Wengi walitaka asimame aseme juu ya ubaguzi. Hakupenda. Kila mahojiano alirudi pale pale: yeye ni Charley Pride, Mmarekani, anaimba. Zamani nilidhani ni busara tu ya biashara, na bila shaka ilikuwemo. Kwenye kitabu chake cha 1994 alieleza pia maradhi yake ya akili, yale yanayompandisha mtu juu kupita kiasi na kumtupa chini, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulitamka. Kwa hiyo si kwamba hakuwa na ujasiri. Alichagua wapi pa kuutumia. Ila mlango aliopita ulijifunga nyuma yake: baada ya wimbo wake wa mwisho wa namba moja mwaka 1983, msanii mweusi anayeimba peke yake hakufika tena kileleni mwa kantri hadi Darius Rucker mwaka 2008. Miaka 25, bana. Utani wa Detroit ulimfungulia yeye. Nyumba haikubadilishwa kufuli.

Alifariki Dallas tarehe 12 Desemba 2020, akiwa na miaka 86, kwa Korona. Mwezi mmoja kabla alikuwa Nashville akipokea tuzo ya maisha ya CMA, ndani ya ukumbi, akaimba na kijana Jimmie Allen. Watu waliuliza ilikuwaje mzee wa umri ule aitwe ukumbini wakati ule. Waandaaji wakasema alipimwa na hakukutwa na virusi. Kwetu ilikuwa Jamhuri Dei, nilikuwa zamu ya usiku, na chumba cha habari nilichokuwa kilimpa mistari minne chini ya ukurasa wa dunia. Niliomba kumi. Mhariri akaniuliza, "Nani anamjua huyo?" Nikampigia mzee simu, nikaweka spika, nikamwambia aimbe. Aliimba hadi kiitikio cha pili ndipo akauliza kuna nini.

Tukapata mistari minane.

Kama humjui, usianze na nyimbo za redioni. Tafuta albamu ya tamasha iliyotoka 1969, *Charley Pride in Person*, iliyorekodiwa Panther Hall, Fort Worth, Texas, mwaka 1968, mwaka ule ule aliouawa Martin Luther King. Sikiliza "Kaw-Liga" ya Hank Williams anavyoiimba, halafu ongeza sauti wimbo unapokwisha, usikilize watu.