Bahasha ya Kwenda Ocean Road

Nimezaliwa Mtendeni, mjini Tabora, nimesoma Tabora, nimefundisha Tabora, na nilifika utu uzima bila kuiona bahari. Nilipokwenda Dar es Salaam mara ya kwanza nilikwenda na mdogo wangu, kwa treni ya Reli ya Kati, tukiwa na begi la nguo, galoni ya asali kwa wenyeji wetu na bahasha ya kaki niliyoishika mapajani njia nzima. Ndani yake mlikuwa na barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha kinyama, nakala ya kitambulisho cha NIDA, hati za mshahara na taarifa ya michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mdogo wangu alikuwa anakwenda kupigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mimi nilikuwa namsindikiza, na pia nilikuwa natafuta sentensi mbili tatu za daktari.

Sentensi hizo zina historia yake. Mdogo wangu ni fundi cherehani, ameajiriwa katika karakana ya mtu binafsi inayoshona sare za shule. Saratani iligundulika kwenye titi la kulia, akafanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilipona vizuri. Mkono haukupona. Ukitumika kidogo unavimba hadi pete haivuki kiungo cha kidole, na hauinuki kupita bega. Fundi wa sare husukuma kitambaa chini ya sindano kutwa nzima, na mkono wa kulia ndio unaoongoza. Alijaribu kurudi kazini. Ilipofika adhuhuri alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto huku analia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Tulipopanda treni alikuwa ameshaingia kwenye nusu, na mionzi ndiyo kwanza inaanza.

Kabla ya safari tulikwenda ofisi ya NSSF kuuliza mafao ya ulemavu. Kijana wa kaunta alimwita mdogo wangu dada, akamvutia kiti, akaeleza bila haraka. Mwanachama awe hajafikia umri wa kustaafu. Awe amepoteza theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na hilo lithibitishwe na jopo la madaktari. Awe amechangia miezi 180. Kama haijafika, basi angalau 36, na kati ya hiyo 12 iwe ile iliyotangulia ulemavu moja kwa moja. Nilisubiri atamke saratani. Hakuitamka. Nikamuuliza, akasema, "Mama, ugonjwa wowote unaweza kukufikisha hapa. Sisi tunaangalia umekuacha na uwezo gani wa kufanya kazi."

Maneno hayo yalibadilisha namna nilivyoisoma bahasha yetu. Karatasi za hospitali zilikuwa zimejaa habari za uvimbe: ukubwa wake, aina yake, umefika wapi. Hakuna hata moja iliyosema huyu mwanamke anafanya kazi gani, wala mkono wake sasa unaweza nini na hauwezi nini. Kwa jopo litakalokaa kupima uwezo wa kazi, tulikuwa hatujaleta kitu.

Taarifa ya michango nayo ilikuwa na mapengo. Kisheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kinachokatwa kwa mfanyakazi hakizidi nusu yake; kilichobaki anatoa mwajiri, naye ndiye anayepeleka mchango wote. Mdogo wangu alikuwa na miaka zaidi ya mitano kazini, kwa hiyo miezi 36 haikuwa na shida. Shida ilikuwa kwenye ile 12 ya mwisho: katika baadhi ya miezi mshahara ulikatwa, fedha hazikufika. Kijana wa kaunta alitushauri tusitupe hata hati moja ya mshahara, kwa kuwa makato yameandikwa pale na Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri. Ndiyo maana hati zile zilisafiri nasi badala ya kubaki kabatini. Sikuwa na imani na kabati.

Treni iliondoka usiku. Nimefundisha habari za njia hii kwa miaka mingi bila kuipita: Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na sehemu kubwa walifuata mapito ya misafara ya Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama kilo 30 za pembe au bidhaa na kutembea miezi kufika pwani. Darasani nilikuwa nasifu nguvu zake. Usiku ule nilimfikiria yule aliyeshikwa na ndui au aliyevimba mguu mahali fulani Ugogo. Mzigo wake ulipewa mwingine, msafara ukaendelea, na mara nyingi yeye akaachwa palepale. Ujira ulikuwa wa anayebeba. Hifadhi ya jamii imetungwa kwa ajili ya mtu huyo hasa, na ninasikitika kwamba niliwapitisha wanafunzi wangu mbio katika sehemu hiyo.

Siti ya mbele yetu alikaa mama mtu mzima aliyepandia Kaliua, naye akiwa na barua ya Ocean Road, titi la kushoto. Amelima tumbaku maisha yake yote. Asubuhi, tulipokuwa tunanunua chakula dirishani pale Saranda, aliniuliza ile bahasha ina nini hata ninakula nayo. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi chama cha ushirika kinanikata pembejeo, kinanikata mkopo. Cha siku ya kuumwa hakuna anayenikata." Mdogo wangu akaacha kula. Wanawake wengi wa Mtendeni wako hivyohivyo: wauza ndizi, wapika chapati, wasusi. NSSF siku hizi inaandikisha waliojiajiri, lakini mlango huo hausaidii aliyeusikia baada ya kuugua.

Baada ya Dodoma, milima ya Kilosa, na Morogoro iliyopita tukiwa tumesinzia, tulishuka Dar es Salaam miguu imejaa. Ndugu zetu wa Tandika walitupokea. Kesho yake nikaiona bahari kupitia kwenye uzio wa hospitali, kwa sababu jengo la Ocean Road, lililojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, linatazamana nayo moja kwa moja. Niliitazama kidogo tu. Foleni ilikuwa inasogea.

Mionzi ilichukua wiki kadhaa. Katika siku hizo ndugu yetu anayeishi Marekani alipiga simu, akasema huko mtu akiugua saratani serikali inamlipa. Nikafuatilia, nikakuta nusu ya habari. Tangu mwaka 2008 Wamarekani wana orodha ya magonjwa ambayo maombi yake hupitishwa haraka, na saratani ya matiti imo ikiwa imesambaa mbali au haiwezi kuondolewa kwa upasuaji. Aliyewahi mapema kama mdogo wangu lazima athibitishe kwamba hataweza kufanya kazi kwa mwaka au zaidi, na malipo ya waliochangia huanza baada ya miezi mitano kamili. Swali ni lilelile la kaunta yetu ya Tabora.

Siku ya kuonana na daktari nilimwomba mdogo wangu aeleze kazi yake, si maumivu yake. Alieleza cherehani inavyoendeshwa, akaonyesha mkono unaposhindwa. Daktari alipima unene wa mikono yote miwili kwa utepe, akapima bega linainuka hadi wapi, akaandika: uvimbe wa mkono wa kulia unaotokana na kuondolewa tezi, hawezi kazi ya kurudiarudia kwa mkono huo wala kunyanyua vizito, atahitaji mazoezi ya viungo kwa muda mrefu. Akapiga muhuri. Yalikuwa maandishi ya dakika chache, na kwangu yalitosha kuwa sababu ya safari. Ningependa kila mgonjwa anayetolewa tezi za kwapani aondoke na karatasi ya namna hiyo bila kuiomba.

Mama wa Kaliua tulimpeleka kwa ofisa ustawi wa jamii. Kwake njia iliyopo ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, nao huanza na umaskini wa kaya unaotambuliwa na wanakijiji wenyewe, siyo ugonjwa. Ana miaka zaidi ya 70. Angekuwa mkazi wa Zanzibar angekuwa kwenye pensheni jamii, ambayo tangu Aprili 2016 hulipwa wazee wa umri wake bila kuwauliza walimchangia nani. Sioni kwa nini mkulima wa Kaliua, ambaye tumbaku yake imelipa ushuru miaka yote hiyo, akose kinachopatikana ng'ambo ya mkondo wa bahari.

Tumerudi Tabora. Maombi ya mdogo wangu yamepokelewa, hati za mshahara zimeonyesha makato ya miezi yote iliyokosekana, na mwajiri ameitwa ajieleze. Jopo la madaktari halijakaa, na siku za nusu mshahara zimekwisha. Tunakula wa kwangu. Juzi mama wa Kaliua alipiga simu. Mkutano wa kijiji wa kuzitambua kaya maskini unakaribia, na anataka kujua barua yake ya daktari aipeleke yenyewe au nakala. Nimemwambia apeleke nakala, na yenyewe aifungie ndani.