Goma: fundi aliyehama Masisi na karte ishirini za akina mama

Katika nyumba moja ya mbao huko Goma, mkoani Kivu Kaskazini, kuna fundi kijana aliyehama Masisi pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Familia moja iliwapokea, ikawapa chumba. Kazi yake ni kutengeneza karte ndogo za kielektroniki zinazolinda betri za mwanga wa jua, zile zinazochaji simu na kuwasha taa usiku. Akina mama kumi na wawili wa likelemba, wengi wao wahami kama yeye, walimkabidhi pesa ya zamu moja ili awatengenezee karte ishirini. Walitaka kufungua kituo cha kuchaji simu mtaani.

Mchoro ulitumwa kiwandani China. Baada ya wiki nyingi mfanyabiashara mmoja akaleta kifurushi, na fundi akakifungua mbele ya akina mama. Akashika rezista kwa kibano, akaiweka mahali pake. Haikuenea. Akajaribu nyingine. Mahali palikuwa padogo mno, kama kiatu cha mtoto kwa mguu wa mtu mzima.

«Mwana wangu, imeharibika?» akauliza mama prezidanti.

«Ndiyo, mama. Kosa ni langu.»

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kila kifaa kinachokaa juu ya karte kina unyayo wake, yaani vipande vya shaba ambapo miguu ya kifaa inakanyaga na kuchomelewa. Mchoraji hachori unyayo upya kila siku, anautoa kwenye maktaba ya faili. Maktaba ya kijana huyu ilikuwa na zaidi ya faili mia tatu, alizookota hapa na pale kwa miaka: nyingine za rafiki aliyesoma Bukavu, nyingine za intaneti, nyingine alizichora mwenyewe usiku akiwa na usingizi. Faili moja iliitwa tu «R0603». Sasa, 0603 ni jina la vifaa viwili. Kwa vipimo vya inchi ni kifaa cha milimita 1.6 kwa 0.8, na ndicho kilichojaa katika kopo lake. Kwa vipimo vya milimita ni kifaa cha 0.6 kwa 0.3, karibu kama chembe ya mchanga. Kwenye kompyuta mtu anakuza picha, kila kitu kinaonekana kikubwa, na jicho halishtuki.

Kijana anatumia KiCad, programu ya bure ambayo Mfaransa Jean-Pierre Charras aliianzisha mwaka 1992, na ambayo baadaye ilipata msaada wa CERN, kituo cha utafiti cha Geneva. Ikishawekwa kwenye kompyuta haidai intaneti. Katika maktaba inayokuja nayo, rezista ile inaitwa R_0603_1608Metric: vipimo vyote viwili ndani ya jina moja, ili mtu asidanganyike. Jina refu hivyo linachosha kuandika, lakini afadhali kuchoka vidole kuliko kumwaga pesa za wajane.

Basi akarudi kwenye faili zake. Kila unyayo wa KiCad ni maandishi matupu yenye mabano, mtu anaweza kuyasoma kama barua. Kwa hiyo hakulazimika kufungua mia tatu kwa mkono. Aliandika skripti fupi kwa lugha ya Python. Inapita faili zote, inapima umbali kati ya pedi na pedi, inalinganisha na jedwali la vipimo alivyonakili kutoka karatasi za watengenezaji, halafu inaandika orodha ya faili zenye shaka. Skripti ya pili inafanya kinyume: anajaza vipimo kwenye jedwali, nayo inazalisha faili mpya, zote kwa mtindo mmoja na jina kamili.

Orodha ya kwanza ilikuwa ndefu, ya aibu. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo lililomtisha kuliko rezista. Kapasita ya tantali ilikuwa na alama upande usiofaa. Katika KiCad pedi namba 1 ya kapasita kama hiyo ni chanya. Kwa diodi namba 1 ni hasi, na ndipo wengi wanapochanganya. Tena mstari uliochorwa juu ya tantali unaonyesha chanya, wakati mstari wa kapasita za alumini, zile za duara, unaonyesha hasi. Tantali ikiunganishwa kinyume inaweza kuwaka moto. Katika nyumba ya mbao, usiku, watoto wamelala.

Na tantali inatoka katika koltani. Mtoto wa Masisi, ambako Rubaya inachimbwa kwa sululu, aliijua koltani kama mizigo mgongoni mwa wajomba zake. Sasa anainunua kwa dolari, ikiwa ndogo kuliko punje ya mchele.

Skripti haimalizi kila kitu. Karte ya zamani inabeba nakala ya unyayo wa zamani, kwa hiyo kusafisha maktaba hakutoshi, lazima karte nayo iamriwe kuchukua unyayo mpya. Na kama kipimo kilichoandikwa kwenye jedwali ni cha uongo, skripti itakubali uongo huo. Kwa sababu hiyo anachapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, anaweka vifaa juu yake kimoja kimoja, kisha ndipo anatuma kiwandani. Karatasi moja ni franga chache tu.

Maktaba yote inaingia kwenye flashi ndogo anayoivaa shingoni kwa kamba. Walipokimbia Masisi aliacha kompyuta ya kwanza chini ya kitanda.

Karte za pili zilifika, zikaenea. Kituo kinafanya kazi kwenye kona ya barabara, na akina mama wanapokezana zamu tangu asubuhi. Pesa ya karte zilizoharibika anairudisha kidogo kidogo kila mwezi. Mama prezidanti anaandika kwenye daftari lake, na bado kuna mistari sita haijafutwa.