Hisa za Bakhita

Kutafuta wawekezaji wa filamu ya mtakatifu Mkatoliki ukiwa Kikoneni, ambako jirani zako wengi ni Wadigo Waislamu, si mchezo. Padri atakuombea; mwenye pesa anauliza itarudi lini.

Filamu yenyewe ni ya Josephine Bakhita, msichana wa Darfur, Sudan, aliyetekwa akiwa mdogo na kuuzwa mara kadhaa, hadi mahakama ya Venice ilipotamka mwaka 1889 kwamba yuko huru. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Sehemu ya utumwa nataka tuirekodi kwenye mapango ya Shimoni, hapa hapa Kwale.

Mzee mmoja wa duka la mbao alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwani mwanangu, hiyo filamu itatutukana?"

"Hapana, mzee. Lakini waliomuuza sitawaficha."

Nilijua jibu hilo laweza kuninyima pesa. Nikamweleza kwamba Bakhita ni neno la Kiarabu, mwenye bahati, jina alilopewa na watekaji wake. Lile la kwao alilisahau kwa hofu.

Mzee akanyamaza. "Na waliopitishwa Shimoni, majina yao nani anayajua?"

Hajatoa hata shilingi. Ila ameomba mswada, mjukuu amsomee. Jumamosi nampelekea.