Tuitazame Milima Yetu: Matembezi ya Mbeya na Iringa kwa Nauli ya Basi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, watoto wetu wa vyuoni huanza kuhifadhi Juzuu Amma wangali wadogo. Ndani yake imo Suratul Ghashiya, ambamo tunahimizwa kutazama viumbe vinne: ngamia, mbingu, milima na ardhi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna ngamia, bali milima tunayo. Safu ya milima ya Mbeya imesimama kaskazini ya mji, nayo kibla ya Mbeya iko kaskazini vilevile, ikielekea mashariki kidogo. Kwa hiyo kila asaliye mjini huielekea milima hiyo mara tano kila siku. Hata hivyo ni wengi mno miongoni mwa vijana wetu ambao hawajapata kuitia mguu.

Wazee tuwaulizapo sababu, hutujibu mambo mawili. La kwanza, kwamba matembezi ya milimani ni ya watalii na wenye motokaa. La pili, kwamba ni upuuzi wa kuiga, wenye kupoteza wakati wa ibada. Nasi twaandika haya ili tuyajibu yote mawili, kwa kuwa tumekwenda huko na wanafunzi wetu kwa basi, tukarudi na sala zetu zote zimesaliwa kwa wakati wake.

Tuanze na Mbeya. Mlima Loleza, wenye mita 2,656, uko nyuma ya mji kabisa, na aliye mjini hahitaji hata nauli. Juu yake pana minara ya mawasiliano, basi mtembezi na aulize kwanza mwisho ulioruhusiwa. Aliyezoea kutembea na aukusudie mlima Mbeya wenyewe, ambao wapita mita 2,800. Lakini huo ni kazi ya siku nzima.

Anayetaka mbali zaidi na apande gari ya Tukuyu, ambayo huiacha barabara kuu pale Uyole na kupanda kuelekea kusini. Akishuka Isongole, ataliona Ziwa Ngosi baada ya kutembea yapata kilomita 6, mwisho wake ukiwa mpando mkali ndani ya msitu. Ziwa hilo limo ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na kuta za miti mirefu, wala hakuna mto utokao humo. Mtu asimamaye ukingoni huyaona maji mbali chini yake, na sauti yake hushuka yenyewe bila ya kuambiwa.

Mbele kidogo, kabla ya kufika Tukuyu, iko njia ya kwenda Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Mawe ya moto yaliyoyeyuka yalimiminika zamani kutoka ardhini, yakapoa na kuganda, na maji yakapita chini yake, yakaacha daraja lisilojengwa na mkono wa mtu. Karibu na Tukuyu wamsimamia msafiri mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi. Katika misitu yake anaishi kima aitwaye kipunji. Wataalamu wa ulimwengu walimtangaza mwaka 2005 kama mnyama mpya. Lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Na hapo pana funzo kwa kijana wetu: ajabu iliyo karibu na mlango wake, asipoitazama yeye, hutangazwa na mgeni.

Ama Iringa, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya kwa barabara hiyo hiyo kuu, na mandhari yake ni mengine. Juu ya mji liko jiwe kubwa la Gangilonga, ambalo maana ya jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Mama mwenye watoto wadogo aweza kulifikia kwa miguu baada ya Alasiri na kurudi kabla ya Magharibi.

Yapata kilomita 20 kutoka mjini, kwa gari ziendazo upande wa Mbeya, pako Isimila. Abiria hushuka barabarani na kutembea kama kilomita mbili. Huko ziko nguzo ndefu za udongo na mchanga ulioshikamana, zilizochongwa na maji katika korongo, na mashoka ya mawe ya watu wa kale, ambayo wataalamu wameyakadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Maelfu ya watu walikuwa wakipita barabara ile. Mwaka 1951 msafiri mmoja kutoka Afrika Kusini aliinama, akaokota, akafahamu alichokiona.

Kwa upande mwingine, katika njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umbali wa kilomita 15 hivi, kiko kijiji cha Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti mwaka 1891. Kalenga ikabomolewa kwa mizinga mwaka 1894, naye akafa mwaka 1898 bila ya kukubali kukamatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na sasa limo katika makumbusho pale pale. Qur'ani Tukufu imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Ngome iliyobomoka humfunza mtoto jambo hilo upesi kuliko fimbo ya mwalimu.

Sasa tuje katika sala, maana hapa ndipo wazazi wenye taqwa wanapoogopa, na hofu yao ni ya haki. Ondokeni baada ya kusali Alfajiri. Chukueni maji ya udhu katika madumu, kwani Ngosi maji yako chini mno, na tayammamu haifai kwa uvivu. Wenye kutoka pwani wajue ya kuwa jua la Mbeya huchwa yapata dakika 20 baada ya jua la Dar es Salaam, basi wasitumie ratiba ya kwao. Ama kupunguza sala, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameweka mwendo wa marhala mbili, ambao wengi katika zama hizi huuhesabu kuwa kilomita 80 na zaidi. Kwa hiyo atokaye Mbeya kwenda Ngosi au Tukuyu husali sala kamili. Atokaye Iringa kwenda Mbeya ana ruhusa ya kupunguza.

Kadhalika zingatieni usalama, kwani nafsi ni amana. Miezi ya mvua, tangu Novemba hata Mei, njia za Rungwe huteleza sana. Juni hata Agosti ni kavu, lakini baridi ni kali, mtoto asiende bila ya sweta. Msisogelee ukingo wa Kiwira kwa mchezo. Mchukueni kijana wa kijijini awaongoze, mkamlipe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na ada ya kuingia msitu wa hifadhi au makumbusho msiikwepe. Wasalimuni wenyeji kwa lugha yao: kwa Wanyakyusa ni "ugonile", kwa Wahehe ni "kamwene". Wengi wao si wa dini yetu, lakini jirani ana haki yake. Wala msiache nyuma takataka zenu, Muislamu akajulikana kwa mifuko aliyoitupa. Na wasichana wasiachwe nyumbani; waende pamoja na mama zao na maharimu wao, kwani amri ya kutazama haikuwashukia wanaume peke yao.

Ama wanaosema kwamba huku ni kuiga wageni, twawakumbusha ya kuwa Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, naye alikuwa faqihi wala si mpuuzi. Kutembea na kutazama ni urithi wetu. Sisi ndio tuliouacha, wengine wakauokota.

Basi, enyi wazazi, gharama yake ni nauli, ada kidogo, chupa za maji, na viazi vya kuchemsha katika kapu. Chagueni siku moja ya likizo. Mkifika juu, mwambieni mtoto aisome Suratul Ghashiya polepole, kisha mwacheni anyamaze atazame. Atayaelewa aliyoyahifadhi.

Wabillahi Tawfiq.